Nilivyoikata Zamu ya Jumanne

Vijana wangu watatu, mlipokuja kwangu wiki iliyopita mkiwa na mabuti mapya ya mpira na kila mmoja na simu yake mkononi, mliniambia kamati imewachagua kuwa wagawa maji wa mfongo wetu, na mkataka niwape mambo muhimu kwa ufupi. Kwa ufupi! Nimeuhudumia mfongo huu miaka thelathini na sita, magoti yangu nimeyaacha kule kwenye matope, halafu mnataka kwa ufupi. Nilikunja uso, mliona wenyewe. Lakini mlipoondoka nikabaki kibarazani nawafikiria, nikajikuta natabasamu, maana hata mimi nilipoanza nilitaka mambo ya haraka haraka. Basi nimeamua kuandika, na haitakuwa fupi.

Kwa atakayesoma karatasi hizi na hakuzaliwa Mwika, huku kwetu mlimani, mfongo ni mfereji uliochimbwa na mababu zetu kwa vijiti na majembe, unaotoa maji mtoni kule juu karibu na msitu na kuyaleta kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba tunamoishi, matawi kwa matawi, mpaka mashamba ya chini. Maji ni machache na watu ni wengi, kwa hiyo kila familia ina zamu yake. Mgawa maji ndiye anayefungua na kufunga, na ndiye anayetukanwa. Watu huniita Mzee Saa, na mtajua kwa nini.

Nitawaeleza namna ya kuziba, namna ya kusikiliza, namna ya kuwavumilia watu. Ila sababu hasa iliyonifanya nishike kalamu ni kosa langu moja. Kwa kosa hilo ndugu wawili wa tumbo moja waliishi hatua mia kutoka mmoja kwa mwenzake bila kusalimiana, tangu nikiwa na nywele nyeusi mpaka juzi juzi hapa. Mnawajua wote wawili, Mzee Anaeli na Mzee Nderingo. Na kwa karibu muda wote huo mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemkosea mwenzake.

Lakini nianze na kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Mariki, mtu mfupi, mkali, mwenye miguu mipana kuliko koleo. Hakuvaa viatu akiwa kwenye mfongo, akisema mguu una akili kuliko macho. Alikuwa akisimama ndani ya maji, anafumba macho, halafu anasema, "Juu kule pamevuja." Tunapanda, tunakuta kweli fuko ametoboa ukingo na maji yanaingia kwa jirani ambaye, kwa bahati nzuri sana, siku hiyo hakuwa nyumbani. Nilidhani ni uchawi. Kumbe maji yakipungua juu, yanabadilisha namna yanavyosukuma kifundo cha mguu. Vueni hayo mabuti walau mwezi wa kwanza, mtanishukuru.

Kuziba tundu la fuko, msitupie mawe kama nilivyowaona mkifanya. Jiwe linaacha nafasi na maji yanaipata. Chukueni gogo bichi la mgomba, mlipondeponde mpaka lilainike, lisukumeni ndani kabisa, halafu juu yake udongo wa mfinyanzi na bonge la nyasi na mizizi yake. Kanyageni kwa kisigino. Siku ya pili rudini mkanyage tena, maana siku ya kwanza huwa linawadanganya.

Watu je? Watu ni wagumu kuliko fuko. Asiyefika siku ya kusafisha mfongo alitozwa faini ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, debe moja, na debe hilo lilinywewa na waliofika. Mzee mmoja wa kanisani kwetu, hanywi kabisa, alikuwa hakosi kusafisha, lakini siku ya faini alikuwa wa kwanza kuuliza kama debe limejaa. Nilipomuuliza kwa nini, akasema hata asiyekunywa anapenda haki itendeke. Nilimpenda sana yule mzee. Siku hizi mnatoza faini kwa simu, na sina neno, ila hakuna mtu aliyewahi kucheka pamoja na jirani yake kwa sababu ya ujumbe wa simu.

Na wewe Mkunde, binti pekee kati yenu watatu, nikuambie peke yako. Zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kusogelea banio, pale mtoni maji yanapochepushwa. Mzee Mariki angekuona umesimama pale angetupa jembe akaenda nyumbani. Halafu nadhani angerudi kesho yake kukuangalia unavyofanya kazi, na keshokutwa angekufokea kama alivyonifokea mimi, na hapo ungejua umekubalika.

Sasa nije kwenye zamu. Zamu ndogo kabisa katika mfongo wetu ni asubuhi moja, tangu watu wanapomaliza kukamua ng'ombe mpaka jua linapofika utosini. Mzee Mariki hakuwa na saa. Alikuwa na jiwe moja pale kwenye njia panda ya matawi, na kivuli cha mti wa msesewe kikiligusa, zamu imekwisha. Nilimuuliza wakati fulani, nikiwa mgeni wa kazi, kwa nini familia ndogo isipewe nusu ya asubuhi. Akaniangalia kama nimeomba nusu ya mtoto.

"Zamu haikatwi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikatwi. Shika jembe."

Ndivyo walivyofundisha wazee wetu. Walijua sababu, ila walidhani kuitaja ni kupoteza muda. Ninyi nitawatajia.

Nikiwa na miaka kama thelathini, Mzee Mariki aliugua macho, akaenda kukaa kwa binti yake Kirua Vunjo apate matibabu, akaniachia mfongo. Wakati huo huo mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi mjini Moshi alinizawadia saa ya mkononi. Saa ya mshale, kioo safi, mkanda wa ngozi. Sikuwa na mkono tena, nilikuwa na saa. Nilikuwa nakunja shati hata kukiwa na baridi ya Julai. Mtu akiniuliza habari ya mke wangu, namjibu na kumtajia ni saa ngapi. Hapo ndipo jina lilipoanzia.

Mwaka huo huo baba wa Anaeli na Nderingo alifariki. Kwa desturi yetu Nderingo, kitinda mimba, alibaki na nyumba ya wazazi na kumtunza mama, na Anaeli akapewa kihamba cha jirani. Chini yao palikuwa na shamba refu lililogawanywa kati, kila mmoja upande wake. Lakini zamu ya maji ya marehemu ilikuwa moja tu, asubuhi ya Jumanne, na ilitakiwa imwagilie pande zote mbili. Ulikuwa msimu wa kiangazi na kila mmoja amepanda ulezi. Ulezi wa Nderingo ulikuwa na kazi maalumu, ulikuwa wa mbege ya harusi yake.

Wakaja kwangu pamoja. Hawakuwa na ugomvi mkubwa, msiba tu ulikuwa umewachosha na kila mmoja alikuwa mwepesi wa kukwazika. Anaeli alisema mdogo wake anachelewa kufunga. Nderingo alisema kaka yake anaamrisha kama baba. Mzee Mariki angewafokea wote wawili na kuwarudisha nyumbani. Mimi nilitazama saa.

"Ni rahisi," nikasema. "Kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa sita mchana, jumla ni saa sita. Anaeli, chukua tatu za Jumanne. Nderingo, nitakutafutia tatu zako Ijumaa, hamtakutana kabisa. Saa tatu za Jumanne zinazobaki nitaipa ile familia ya tawi la juu iliyoniachia nafasi ya Ijumaa."

Waliridhika. Mama yao, tuliyemwita Mama Anaeli, alinipikia kiburu siku hiyo, akaniambia nina hekima kuliko umri wangu. Nilikula ndizi na maharage yake, nikaamini.

Wiki ya tatu ulezi ulianza kukunja majani. Wiki ya tano ulikuwa rangi ya mkeka. Anaeli alinijia akisema Nderingo anafungua maji siku yake ya Jumanne, la sivyo maji yangeenda wapi. Nderingo alinijia akisema kaka yake anaiba Ijumaa. Nikafanya nini mimi? Nikasema nitachunguza. Nikajificha kwenye migomba Jumanne mbili na Ijumaa mbili kumtafuta mwizi, nimeshika saa yangu. Sikumwona mtu. Nikadhani mwizi ni hodari.

Wakakutana shambani siku moja wakashikana mashati. Shingo ya Anaeli ilibaki na alama ya kucha. Walitenganishwa na mama yao, akiwa na mwiko wa kusongea mkononi. Harusi ikafanyika kwa ulezi wa kununua, na Anaeli, aliyepaswa kusimama mahali pa baba, hakwenda. Mama alimpigia magoti mlangoni kwake, na hakwenda.

Mzee Mariki aliporudi, macho yake yamepona jicho moja, nilimweleza habari yote. Hakunifokea, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tu kwamba Ijumaa tutatembea na kichwa cha maji.

Sikilizeni hapa vizuri, maana hili ndilo somo lenyewe. Kichwa cha maji ni ile ncha ya kwanza, maji yanapoingia kwenye tawi kavu. Tulifungua saa kumi na mbili kamili kwa saa yangu. Tukatembea nacho, hatua kwa hatua, kama watu wanaosindikiza mgonjwa. Kikifika kwenye ufa kinasimama, kinazunguka, kinazama, mpaka ufa ushibe. Kikifika kwenye mchanga kinapungua mpaka unadhani kimekufa. Mahali pamoja kilikaa tukamaliza mazungumzo marefu kuhusu ng'ombe wa Mzee Mariki. Mfongo wenyewe unakunywa kwanza, vijana. Mkiyafunga maji, baada ya siku tatu njia imekauka, na mkifungua tena lazima njia inyweshwe upya. Tulipofika kwenye shamba la Nderingo nilitazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika zisizofika thelathini.

Asubuhi nzima, njia inakunywa saa mbili na nusu na shamba linapata zinazobaki. Nusu asubuhi, njia inakunywa saa zake zile zile, na shamba linapata matone. Nilikuwa nimechukua zamu moja nzima nikatengeneza mbili ambazo hazikuwa zamu kabisa.

"Umemwona mwizi?" Mzee Mariki akaniuliza.

"Nimemwona."

"Basi waambie. Wote wawili, leo."

Nikamwambia nitawaambia Jumapili baada ya ibada, wakiwa wametulia. Jumapili ikapita. Nikasema ngoja harusi isahaulike. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Nilikuwa nimepewa mfongo kijana kuliko mtu yeyote kabla yangu, na niliona wakijua, jembe nitanyang'anywa. Nilifanya ujanja wa kuwashauri waunganishe zamu tena, bila kusema kwa nini. Kila mmoja akanijibu hawezi kushirikiana maji na mwizi, na mimi niliyejua kuwa hakuna mwizi nikaitikia kwa kichwa. Mzee Mariki aliniuliza mara mbili kama nimesema. Mara ya tatu hakuuliza, na miaka michache baadaye alifariki. Nilimpenda mzee yule kuliko nilivyowahi kumwambia, na bado sikutimiza kitu kimoja alichoniomba.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Krismasi zote hizo mbuzi wawili walichinjwa pande mbili za ua mmoja wa masale. Mama yao alipozikwa, mmoja alisimama kichwani na mwingine miguuni. Shamba la chini likabaki la majani ya ng'ombe. Na mimi nilikuwa rafiki wa wote wawili, nakula nyama huku na huku. Mnaweza kunicheka. Mimi mwenyewe sikuweza.

Krismasi hii iliyopita watu wote walipanda kutoka mijini kama kawaida, na mjukuu wangu Aikande, anayefundisha kemia sekondari, akaja na mumewe Frank, anayeshughulika na kompyuta hospitalini. Tulikuwa uani baada ya ibada, mbele yetu mtori. Nikamuuliza Aikande anafundisha nini muhula huu, ili aonekane mbele ya mume.

"Atomu, Babu."

"Ni nini hiyo?"

"Chukua pete ya Bibi. Ukiikata nusu, kila nusu ni dhahabu. Kata tena, bado dhahabu. Endelea kukata mpaka—"

"Pete yangu msiiguse," mke wangu akasema.

"Hatuigusi, Bibi, tunaikata kwa maneno tu. Mwisho unafika kwenye chembe moja ndogo kabisa ya dhahabu. Hiyo ndiyo atomu. Wagiriki wa kale ndio waliolitoa neno hilo. Walikuwa wanabishana tu, hawakuwa na maabara, wakasema lazima kuwe na mwisho wa kukata. Maana yake ni kisichokatika."

"Na kweli hakikatiki?"

"Kinakatika. Watu wa fizikia walikikata, na mabomu yakapatikana humo. Ila ukishakikata, ulichobaki nacho siyo dhahabu tena. Kwa sisi wa kemia mwisho ni pale. Wenzetu wa fizikia wanaendelea na vyao vidogo zaidi."

Frank akaweka bakuli chini. "Hata sisi tuna neno hilo hilo, Babu. Mgonjwa akihamishwa wodi, kompyuta inafanya mambo mawili, inamfuta kule na kumwandika huku. Umeme ukikatika katikati, hatukubali awe amefutwa kule na huku hajaandikwa. Angekuwa mgonjwa asiye na kitanda popote. Kwa hiyo tunayafunga mambo hayo mawili yawe kitu kimoja. Ama limefanyika lote, ama halijafanyika kabisa. Tunaita kitendo cha atomiki."

"Lakini hicho kina sehemu mbili," nikasema. "Umezitaja mwenyewe."

"Zipo mbili, ndiyo. Ila ukizitenganisha, mgonjwa anapotea."

Aikande akadakia kwamba hata mwalimu mwenzake wa Kiswahili ana vipande vyake vya maneno, na wa falsafa chuoni walikuwa wakimchosha na vyao, na kila mmoja anaapa chake ndicho kisichokatika. Wanafunzi wanachanganyikiwa, akasema, wanadhani ni kitu kimoja kinachotafutwa na watu wote. Kumbe kila fani inauliza tu, nikikata hapa, nitabaki na kile nilichokuwa nacho au sitabaki nacho?

Kijiko changu kilikuwa hewani. Niliona kivuli cha msesewe juu ya jiwe. Niliona kichwa cha maji kinazunguka kwenye ufa. Mzee Mariki hakusoma hata darasa moja, na alikuwa na neno lake, akalisema kwa maneno mawili tu, akanipa na jembe.

"Babu, mtori umekuharibia tumbo?" Aikande akauliza.

"Hapana, mwanangu. Nimekumbuka kazi."

Kesho yake asubuhi nilikata jani la sale kwenye ua wangu. Hata ninyi watoto wa simu mnajua, ukimpelekea mtu sale kumwomba radhi, hawezi kukufukuza bila kukusikiliza. Nikaenda kwanza kwa Anaeli. Alikuwa amekaa anachambua maharage. Akaliona jani mkononi.

"Mangi, karibu. Umemkosea nani?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi na wewe hatujawahi kugombana."

"Ndiyo maana nimechelewa."

Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, saa, njia inayokunywa, Ijumaa ile, Jumapili ile. Mikono yake iliacha kuchambua.

"Kwa hiyo Nderingo hakufungua maji yangu?"

"Hakufungua."

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

Aliyasukuma maharage pembeni. Halafu akasema, "Sikwenda kwenye harusi yake." Nikasema najua. "Mama alinipigia magoti. Mama yangu mzazi. Sikwenda." Nikalia mbele yake, mzee mzima, sikuona sababu ya kujificha.

Akalichukua jani kutoka mkononi mwangu. "Sale nimelipokea. Hasira bado ninayo. Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

"Basi niondokee. Nenda kwa Nderingo kabla sijabadili mawazo."

Nikakata jani jingine kwenye ua ule ule unaowatenganisha, nikaingia kwa Nderingo. Sasa Nderingo, kama mnavyojua, masikio yake yamechoka. Nikaanza kwa sauti ya chini, ya toba. Akasema hasikii. Nikapandisha. Akasema, "Unasema umeiba maji?" Nikapandisha tena. Siri niliyoificha kwa zaidi ya nusu ya maisha yangu niliimaliza kwa kupiga kelele, mara mbili, mpaka majirani wa chini wakatoka na watoto kusikiliza. Naamini Mzee Mariki, popote alipo, alikaa chini kucheka.

Nderingo alipoelewa hakunitazama mimi. Alitazama ua wa masale.

"Na yeye alikuwa anadhani ni mimi?"

"Ndiyo."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Mjinga yule," akasema. "Kaka yangu mjinga."

Anaeli alikuwa amesimama upande wa pili wa ua. Kelele zangu zilimfikia, hakuhitaji kusogea. Sijui alikuwa amesikia kiasi gani. Alisafisha koo, akasema kwa sauti ambayo hata Nderingo aliisikia:

"Jumanne ni zamu yetu. Njoo na jembe."

Sasa mnaelewa kwa nini kwenye daftari mtakalopokea kuna mistari miwili iliyofutwa na mmoja mpya. Familia ya tawi la juu imerudi Ijumaa yake. Nimesikia pia Mkunde akisema kaya zimeongezeka, na kwamba kwa simu mnaweza kukata zamu vipande vya nusu saa, kila mtu apate chake. Nia ni njema, binti yangu, na mimi nia yangu ilikuwa njema. Watu wakizidi, ongezeni siku za mzunguko. Anayepata kila wiki apate kila siku kumi, atanung'unika na mimea itaishi. Mkitaka kujua zamu ndogo ya tawi lolote ni ipi, msiniulize mimi wala simu. Tembeeni na kichwa cha maji wakati wa kiangazi, mpaka mwisho kabisa wa tawi, ndipo mpange. Mimi nilipangia kibarazani.

Jumanne ile niliwafungulia kwa mkono wangu, ingawa nimestaafu na goti lilipinga. Tukatembea na kichwa cha maji wazee watatu, polepole, hakuna aliyesema jambo la maana. Nilikuwa nimeiacha saa nyumbani. Tulipofika shamba la chini, Anaeli akatoa mfukoni kifuko cha mbegu. Ulezi.

"Wa mbege ya harusi yako," akamwambia mdogo wake kwa sauti kubwa. "Nimechelewa."

Nderingo akafuta uso kwa kofia. Maji yalikuwa yamefika penye mlango unaoyapeleka huku au kule, upande wa Anaeli au upande wa Nderingo, nikawauliza nifungue wapi kwanza. Anaeli akasema kwa Nderingo. Nderingo akasema hapana, kwa kaka. Anaeli akasema yeye ndiye mkubwa na amesema kwa Nderingo. Nderingo akasema ndio hayo hayo, anaamrisha kama baba. Wakaanza kubishana, majembe mabegani, kila mmoja akimsukumia mwenzake maji, na maji yakajaa, yakapanda ukingo, yakaanza kumwagika njiani bure. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kumwona mtu akimwaga maji ya mfongo nikanyamaza. Siku ile nilikaa kwenye ukingo, nikatia miguu majini, nikawaacha waendelee.